Kabla Hujapakata Monita ya 4K Kurudi Morogoro

Monita yangu ya kwanza ya 4K niliipakata kutoka Kariakoo hadi Kihonda, ndani ya basi, kwa kuwa sikuwa na imani na konda wala buti lake. Ilikuwa ya inchi 27, boksi bado lina gundi ya kiwandani. Jioni ile nikaichomeka kwenye laptopu kwa waya wa HDMI niliokuwa nao siku zote. Picha ikaja, nikashangilia peke yangu. Kisha nikashika mausi. Kishale kikawa kinanifuata kwa kusitasita, kama mtu anayevuka tope la masika akiogopa kuacha kandambili. Nikampigia muuzaji.

"Kaka yangu, monita ni nzima hiyo. Angalia kompyuta yako."

Nikakata simu nimenuna. Siku ya tatu ndipo nilipogundua kwamba alikuwa na ukweli nusu. Monita ilikuwa nzima, kompyuta nayo nzima, ila mimi nilichomeka kwenye tundu lisilohusika.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue monita gani, namwambia kwanza aigeuze kompyuta yake anitajie matundu yaliyo ubavuni na mgongoni. Wengi huona nawazungusha. Wao wanataka kusikia inchi ngapi na shilingi ngapi. Lakini monita ni kama tangi lililoko juu ya nyumba: hata ukinunua la lita elfu tano, maji yatakayoingia ni yale yanayopita kwenye bomba.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kioo cha Full HD kina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla milioni 2 na kidogo. Vitone hivyo ndivyo mafundi wanaviita pikseli. Kioo cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, yaani milioni 8.3, mara nne kamili. Vitone vyote hivyo vinachorwa upya mara 60 kila sekunde, na hiyo ndiyo maana ya hezi 60. Ukivizidisha na taarifa za rangi za kila kitone unapata karibu gigabiti 12 kwa sekunde. Sasa, tundu la HDMI toleo la 1.4, lililotoka mwaka 2009, mwisho wake ni gigabiti 10.2. Halitoshi. Kompyuta haikwambii kwamba halitoshi. Inapunguza kimyakimya hadi hezi 30, nawe unabaki na kishale kinachovuka tope. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 inapitisha gigabiti 18, kwa hiyo hezi 60 inapita bila shida. DisplayPort toleo la 1.2, ambalo ni la 2010, nalo linaweza.

Laptopu nyingi tunazotumia huku ni mtumba wa ofisi za Ulaya na Marekani, na kila moja ina tabia zake. ThinkPad T480, ya mwaka 2018, ina HDMI ya 1.4: ukichomeka 4K hapo unapata hezi 30. Lakini ina tundu la USB-C linalotoa 4K kwa hezi 60 bila jasho. HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa kila kona, haina HDMI kabisa. Ina DisplayPort, tundu pana lenye kona moja iliyokatwa, pamoja na VGA. Nimeona watu wakirudi nyumbani na waya mpya wa HDMI, wakizungusha laptopu mara tatu wakitafuta pa kuchomeka. Kwa wenye MacBook Air za M1 na M2, jueni kwamba zinakubali monita moja tu ya nje. Msipange mbili.

USB-C ndiyo inayodanganya zaidi. Umbo la tundu ni lilelile, lakini mengine yanapitisha data tu, mengine data na chaji, mengine data, chaji na picha. Tafuta alama ya DisplayPort au ya radi ya Thunderbolt kando ya tundu. Usipoiona, tafuta jina kamili la modeli yako, lile lililoandikwa tumboni, usome sifa zake kwenye tovuti ya mtengenezaji. Njia ya uhakika kuliko zote ni kubeba kompyuta yako hadi dukani. Muuzaji akikukatalia kuijaribu, duka lipo la pili.

Faida ya USB-C inayopitisha kila kitu ni kwamba monita yenyewe inaweza kuichaji laptopu kwa waya uleule, mara nyingi kwa wati 65 au 90. Mezani kunabaki waya mmoja. Ukishazoea hivyo, hutaki kurudi nyuma.

VGA, lile tundu la bluu la pini 15, lilianza na kompyuta za IBM mwaka 1987, na heshima yake tunaitunza. Ila kwa vioo vya vitone vingi lisikupotezee muda. Hata kwa adapta, kwa kawaida litakufikisha Full HD na hapo limeishiwa. Adapta nazo zina upande. Ile ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI haifanyi kazi kinyume, na zile za bei ya chee mara nyingi zinaishia 4K ya hezi 30. Ukiweza kuepuka adapta, epuka: tumia waya wa moja kwa moja usiozidi meta tatu. Na usidanganyike na "HDMI 2.1" iliyochapwa kwenye boksi, kwa sababu watengenezaji wanaruhusiwa kuandika hivyo hata kama sifa nyingi za toleo hilo hazimo. Uliza swali moja tu: hii inatoa 4K kwa hezi 60?

Tuje kwenye ukubwa, na hapa naomba nikawie, maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Inchi peke yake haikwambii ukali wa picha. Kinachokwambia ni vitone vingapi vimebanana ndani ya inchi moja. Full HD ya inchi 24 ina vitone 92 kwa inchi. Full HD hiyohiyo ukiinyoosha hadi inchi 27 inabaki na 82, na herufi zinaanza kuonekana kama zimepikwa zikavimba. Inchi 27 ya 2,560 kwa 1,440 ina 109. Inchi 27 ya 4K ina 163, na inchi 32 ya 4K ina 138. Jicho zima, la mtu asiyehitaji miwani au aliyevaa iliyo sahihi, lina kikomo chake cha kutenganisha kitone na kitone. Kukokotoa ni rahisi: gawa 8,700 kwa idadi ya vitone kwa inchi, utapata sentimita ambazo ukikaa mbali zaidi ya hapo huvioni tena vitone. Kwa 163 ni sentimita 53. Kwa 109 ni 80. Kwa 92 ni 95, na hakuna anayekaa karibu meta nzima kutoka kwenye monita yake. Urefu wa mkono, yaani sentimita 55 hadi 70, ndio umbali wa kawaida.

Mimi nachora ramani, basi nichukulie mfano wa kazini. Mji wa Morogoro uko karibu meta 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga kinachotutazama kila asubuhi kimepita meta 2,100. Kwa hiyo kutoka bondeni hadi kileleni kuna mwinuko wa kama meta 1,600, nao umejibana ndani ya kilomita chache. Chukulia tano. Ukichora kontua (mistari ya mwinuko sawa) za kila meta 20 unapata mistari 80. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000, kilomita tano zinakuwa sentimita kumi. Mistari 80 ndani ya sentimita kumi ni milimita moja na robo kati ya mstari na mstari, tena huo ni wastani. Kwenye miteremko mikali inabanana hadi nusu ya hapo au chini zaidi.

Kitone kimoja cha Full HD ya inchi 24 kina upana wa milimita 0.28. Kwa hiyo kati ya kontua mbili pana una vitone vinne au vitano, na kwenye mteremko mkali viwili, ambavyo mstari wenyewe umeshakula kimoja. Unachokiona ni doa la kahawia. Kwenye 4K ya inchi 27 kitone ni milimita 0.16: unapata vinane pale na vinne hapa, na Lupanga inaanza kuwa mlima. Kabla ya hapo nilikuwa navuta karibu, nachora, narudi mbali, nasahau nilikuwa wapi, navuta tena. Ni hivyohivyo kwa picha za setilaiti. Picha za Sentinel-2, ambazo mtu yeyote anazipata bure, kila kitone chake kinafunika meta 10 ardhini. Ukiitazama bila kuipunguza, Full HD inakuonyesha eneo la kilomita 19 kwa 11. 4K inakuonyesha 38 kwa 22: mji mzima pamoja na kipande kikubwa cha Uluguru Kaskazini, bila kusogeza chochote. Kwa mwanafunzi wa misitu pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) anayefuatilia mipaka ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000, hiyo ni nafuu ya saa nyingi.

(Hii tamaa ya vitone haikuanza juzi. Mwaka 2001 IBM walitoa monita iitwayo T220, inchi 22, vitone 3,840 kwa 2,400. Bei yake ilikuwa ya gari. Waliinunua wenye maabara na watazamaji wa picha za eksirei.)

Kuna gharama ya vitone vingi ambayo dukani hawakwambii. Ukiiacha 4K ya inchi 27 kama ilivyo, maandishi yanakuwa madogo kama ya kwenye karatasi ya dawa. Itabidi uikuze mandhari kwa asilimia 150, na Windows yenyewe itakupendekezea hivyo. Ukifanya hivyo, nafasi ya kazi inakuwa sawa na ile ya 2,560 kwa 1,440. Ulicholipia zaidi ni ukali wa herufi na mistari, si uwanja mpana. Watu wengi hawajui hili, wanategemea wapate vyote viwili. Wanaotaka vyote waende inchi 32 kwa kukuza asilimia 125; wanaotaka uwanja tu waende inchi 43 bila kukuza kabisa.

Halafu kuna programu za zamani. Kwa zile za ramani, QGIS mpya inajikuza vizuri. ArcMap, ambayo bado iko kwenye kompyuta nyingi, haikutengenezwa kwa vioo vya namna hii, na vitufe vyake vinakuwa kama punje za ulezi au vinakuzwa kwa ukungu. Programu za mahasibu zilizoandikwa miaka ya nyuma ni vivyo hivyo. Kama riziki yako iko kwenye programu ya aina hiyo, itazame kwenye 4K ya mtu mwingine kabla hujatoa hela.

Kwa hiyo nani anunue nini? Mwenye steshenari anayechapa barua na kupanga fomu, 4K ya nini? Full HD ya inchi 24 inamtosha, na pesa inayobaki inunue ya pili kama hiyo aweke ubavuni. Anayeandika tasnifu pale Chuo Kikuu Mzumbe, anayeandika programu, anayeshinda kwenye majedwali marefu, ningemwambia achukue inchi 27 ya 2,560 kwa 1,440. Kwa watu wengi niliowahi kuwashauri, hiyo ndiyo iliyowafaa: haihitaji kukuzwa, haichagui programu, hata HDMI ya 1.4 huiendesha kwa hezi 60 kwenye kompyuta nyingi, na bei yake iko chini ya 4K. 4K iwe ya wachora ramani, wasanifu majengo, wapiga picha, wahariri wa video, na wale ambao macho yao yameanza kugombana na herufi, maana herufi kubwa iliyo kali inasomeka kuliko kubwa iliyovimba.

Kuhusu runinga. Sitaki kuidharau, kwa sababu nyumba nyingi zina runinga na hazina monita. Runinga ya 4K ya inchi 43 ina vitone 102 kwa inchi, ambayo inafaa mezani ukikaa nyuma kidogo. Hakikisha tu umeingia kwenye mipangilio yake ukaitambulisha kwamba kilichochomekwa ni kompyuta, la sivyo maandishi mekundu na ya bluu yatakuwa na ukungu pembeni, kwani runinga nyingi hupunguza taarifa za rangi. Mtego uko kwenye zile za inchi 32 zilizoandikwa "HD" tupu. Nyingi zina vitone 1,366 kwa 768, nusu ya Full HD, zimetandazwa kwenye kioo kikubwa. Kwa mpira, sawa. Kwa kuandika, utaumwa kichwa. Ukisikia pia "inakubali 4K", shtuka: maana yake inaweza kuwa inapokea picha ya 4K kisha inaipunguza iingie kwenye kioo chenye vitone vichache. Uliza vitone halisi vya kioo.

Mengine nitayapita haraka. Aina ya kioo, chukua IPS. Ukikitazama kutoka pembeni rangi hazigeuki. VA ina weusi mzuri zaidi kwa filamu. TN waachie wengine. Mwangaza uwe niti 300 au zaidi kama dirisha lako linapokea jua, na kioo kiwe kile kisichong'aa kama kioo cha kunyolea. Rangi, anayechapa picha atafute inayofikia asilimia 100 ya sRGB. Hezi 144 ni za michezo. Kioo kilichopinda ni mapenzi ya mtu. Ila stendi inayopanda na kushuka naiombea: ukingo wa juu wa kioo unapaswa kuwa usawa wa macho, na sijui ni shingo ngapi mjini hapa zinauma kwa sababu ya stendi fupi iliyokaliwa na vitabu viwili vya risiti.

Monita za mtumba zisikutishe. Dell UltraSharp iliyotoka ofisini Ulaya inaweza kuishinda kwa uzuri mpya ya jina usilolijua. Lakini iwashe dukani. Nenda na picha tano kwenye flashi: nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu, kijani, bluu. Kwenye nyeupe tafuta vitone vyeusi na madoa ya njano. Kwenye nyeusi, omba taa izimwe, tazama pembe zinazovujisha mwanga. Kwenye rangi, tafuta vitone vilivyoganda. Iache iwake robo saa, kwa kuwa kuna zinazoanza kucheza zikishapata joto. Chomeka kila tundu, moja baada ya jingine. Kisha bonyeza kulia kwenye eneo tupu la skrini, ingia "Display settings", halafu "Advanced display", usome kwa macho yako: 3840 kwa 2160, hezi 60. Kama si hiyo, hujamaliza kununua. Dai risiti ya EFD yenye jina la modeli, na muda wa dhamana uandikwe kwa mkono palepale. Ukibishana baadaye, karatasi hiyo ndiyo inayozungumza, iwe kwa muuzaji au kwenye Tume ya Ushindani.

Nyumbani, umeme. Monita nyingi za inchi 27 zinakula wati 25 hadi 45, kiasi ambacho LUKU haitalia. Tatizo ni unapokatika na unaporudi kwa kishindo. Laptopu ina betri yake. Monita inazima, na madirisha yote uliyoyapanga yanarundikana kwenye kioo kidogo. UPS ndogo ya VA 650, betri yake ikiwa mpya, inaishikilia monita peke yake kwa muda wa kutosha. Radi ikianza kuunguruma huko kilele cha Bondwa, chomoa kabisa. Usitegemee swichi.

Sisi ni mji kasoro bahari, kwa hiyo chumvi haili vifaa vyetu kama inavyokula vya wenzetu wa Dar. Wadudu ndio wetu. Vuli na masika taa ikiwaka na dirisha likiwa wazi, kumbikumbi wanagonga kioo na kuanguka, hao hawana neno. Wenye neno ni vidudu vidogo kuliko punje ya mtama, vinavyopenya kwenye upenyo wa fremu na kutembea ndani, nyuma ya kioo, mbele ya taa. Ukimwona mmoja, usimbonyeze. Ukimuua pale alipo, utamtazama miaka yote ya monita hiyo. Izime monita, zima taa ya chumba, weka tochi karibu na ukingo, umsubiri atoke mwenyewe.

Kwa mabwana shamba na watafiti wanaolala Mgeta, Nyandira au Matombo, ambako umeme wa wengine ni wa jua, kuna monita za begini za inchi 15 zinazotumia waya mmoja wa USB-C, wati nane au kumi tu. Chukua ya Full HD. Kwenye inchi 15.6 ina vitone 141 kwa inchi, na ya 4K ina 282, ambayo jicho haliwezi kuitumia ila betri itailipia.

Na ukinunua Dar, siku hizi treni ya SGR inakufikisha Morogoro bila ile mitikisiko niliyoipata mimi. Ilianza safari hizi Juni 2024. Boksi lisimame wima, kama picha ilivyochorwa ubavuni, lisilazwe kioo chini na mtu akaegemeza begi juu yake. Ukifika, bodaboda hapana, panda bajaji. Boksi na povu lake uliweke juu ya kabati hadi dhamana iishe, hata kama mwenye nyumba anauliza takataka hiyo ni ya nini.